Bendera Kumi na Mbili

Afisa itifaki alifika Kilombero saa mbili usiku,
mvua ya Meru bado inamchuruzika mabegani.
Akanionyesha mchoro kwenye simu:
kijani, nyeupe, nyota moja.
"Serikali mpya. Mabalozi wanaitambua kesho saa nne.
Nataka kumi na mbili, za mezani. Risiti utaleta baadaye."

Nikamuuliza, na ile nyekundu ya zamani?
"Imeondolewa," akasema, "kwa ajili ya maridhiano."

Msaidizi wangu Nduwayo hakuinua kichwa.
Alitoka huko ana miaka tisa,
mgongoni kwa dada ambaye hamtaji.
Cherehani ikatafuna kitambaa hadi alfajiri.
Nyota ya saba tu ndiyo iliyomshinda:
sindano ikamchoma kidole,
tone likaangukia weupe.

Nilitaka kuifua. Akanishika mkono.

Leo redio inasema ukumbini wamepiga makofi,
mataifa yameahidi, yameunga mkono, yametia saini.
Sisi tunakunywa chai ya rangi, hatujalipwa,
tunabishana kwa sauti ya chini
ni balozi wa nchi gani
aliyewekewa ile ya saba.