Chupa ya Jamu, Darasa la Awali, Igoma

Leo Mwalimu Nkwimba hakutuletea chaki.
Kaleta chupa ya jamu, malai nusu,
na chumvi iliyokunjwa kwenye karatasi ya daftari.

"Tikiseni," akasema, "mpaka ijibu."

Chupa ikazunguka mkeka mzima.
Shija akatikisa kwa mikono miwili,
Buyegu kwa mabega, kwa kichwa, kwa ulimi nje;
Milembe akahesabu hadi thelathini na tisa,
akasahau inayofuata, akaanza upya.

Chwa, chwa, chwa.
Halafu kimya. Malai yamekuwa mazito kama uji,
hayasogei.
"Imekufa," akasema Shija.
"Endelea."

Mara, pu!
Kitu kikagonga kioo kutoka ndani.
Donge la manjano katikati ya maji meupe.
"Kisiwa!" akapiga kelele Buyegu,
"kidogo kuliko Saanane!"
Nani kakiweka? Hakuna aliyekiri.

Tukakipaka kwenye matobolwa,
chumvi kidogo, vidole vingi.

Milembe akatafuna polepole, akiwaza.
"Bibi hufanya hivi kwa kibuyu.
Kumbe bibi ni mwanasayansi
na hajui."

"Anajua," akasema mwalimu,
akampa kifuniko alambe.