Mwimo wa Darasa la Pili

Mwalimu mkuu kaniita nibadilishe mwimo wa mlango.
"Umeliwa na mchwa," anasema, "na wageni wanakuja Alkhamisi."
Mchwa hawajaugusa. Mfenesi huu, tena wa zamani,
mchwa wangevunjika meno.
Yeye ni mgeni hapa Mkunguni, kaletwa mwaka jana kutoka Unguja.
Hajui. Au anajua na anaona haya.

Kovu la panga lipo kiunoni pangu.
Nimepiga magoti nilipime kwa futi:
sasa lipo shingoni.

Tulikuwa thelathini na wanane, na mikeka miwili.
Asubuhi ile Bi Zuwena alikagua kucha.
Alinipiga rula ya vidole: "Mfinyanzi wewe,
rudi kwenu ukakatwe, ndipo uje."
Mjaka akacheka. Time Faki akanitolea ulimi.
Njia nzima nikawaapiza:
skuli na iungue, na nyote mliomo.
Nilikuwa na miaka minane. Nilidhani Mungu
hasikilizi watoto.

Mama alikuwa na wembe, kafika kidole cha tatu,
tuliposikia. Kelele za skuli twazijua,
zina vicheko ndani yake, zina kupumua.
Hii ilikwenda moja kwa moja, kisha ikakoma
kama redio iliyoishiwa mawe.

Aliyefanya tulimjua. Akituuzia malai ya ukwaju,
akikopesha hata yatima.
Watu wazima wakatafuta sababu miaka kumi:
shetani, mgao wa mikarafuu, mke aliyemkimbia.
Mimi nilikuwa na yangu. Sikumwambia mtu.

Hitima ilisomwa uwanjani, hakuna nyumba iliyotosha.
Nilikaa jamvini karibu na baba yake Mjaka,
vidole vitatu vimekatwa, saba bado.
Akanishika mkono, akaugeuza, akautazama,
akaurudisha pajani pangu taratibu
kama kitu cha watu.

Leo nimepiga randa. Maranda yanatoka ya manjano,
na mti bado una harufu yake, miaka yote ile.
Nimepiga tena. Kovu halitoki,
ni mti wenyewe unaokwisha.
Basi nimeugeuza. Uso wa kovu nimeuelekeza ukutani,
nikaukaza kwa misumari ya inchi sita,
na mwalimu mkuu akasema, "Mpya kabisa!"
Sikubisha. Pesa ya mbao nimemrudishia.

Kitoto cha kike kilinishikia ncha ya futi.
Kaije, darasa la pili, meno mawili hana.
Rimu ikagongwa, akaficha mikono nyuma:
kucha ndefu, zina hina ya harusi ya dada yake,
na mwalimu wao kasimama kizingitini na rula.
Akaniuliza, kwa kunong'ona, kama nina mkasi.

Ninao.
Nikamwambia sina.