Kutoka Sifuri Hadi Tatu

Bi Bogumiła Wąsik kaingia na theluji mabegani,
akavua glavu kwa meno.
Nikajifanya natafuta faili.

Lete wa kulia, nikamwambia.
Akaulaza mkono juu ya taulo
kama mtu anayeweka rehani saa ya marehemu mumewe:
taratibu, macho usoni pangu,
ajue nitamkadiria kiasi gani.

Jeli ni baridi, kila mtu hushtuka.
Yeye hakushtuka.
"Miaka thelathini na moja kiwandani hapa hapa Łódź," akasema,
"mitambo kumi na miwili ya kufuma, peke yangu,
kelele hadi tukazoea kusomana midomo.
Hii jeli yako itanifanya nini?"

Mimi si daktari.
Kazi yangu ni kushika kifaa hiki, kidogo kama kipande cha sabuni,
na kukipitisha juu ya viungo bila kukandamiza,
maana ukikandamiza damu hukimbia
na picha hutoka safi.
Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza:
mkono mzito huona uzima usiokuwapo.

Mfupa ni mstari mweupe.
Juu yake giza la majimaji,
limejaa kama mgeni asiyeaga.
Nabonyeza kitufe cha rangi.

Jina lake baridi yabisi,
na humu ndani ni tanuri.
Nyekundu, pembeni rangi ya chungwa,
inapepesa, inafifia, inapepesa,
ikifuata mapigo ya moyo wake mwenyewe.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Naye ndiye aliyefuma nguo.

Tunahesabu hivi: sifuri, kimya.
Moja, nukta mbili tatu.
Mbili, rangi haijafika nusu.
Tatu, imepita nusu na haiombi radhi.
Kidole cha kati: mbili.
Kifundo cha mkono: tatu.
Kidole cha shahada, tatu,
nacho kikashuhudia.

Mama yangu, kule Pabianice, alipimwa kwa pete.
Ikipita kwenye fundo kwa sabuni, siku njema.
Isipopita, viazi nilimenya mimi.
Mwaka ilipokatwa kwa koleo
alifagia chembe za dhahabu mezani kwa kiganja,
akazitia kwenye kiberiti kitupu.
Hakuna aliyeandika namba yoyote.

"Nigeuzie," akasema Bi Bogumiła.
Nikamgeuzia kioo.
Akatazama kitambo kirefu
kama anayetafuta uzi uliokatika.
"Daktari wa kwanza alisema damu yangu safi.
Wa pili akasema uzee.
Mkwe wangu anasema nakwepa vyombo."
Akacheka, cheko fupi la puani.
"Nichapie moja. Kubwa.
Nitaibandika juu ya sinki."

*

Mwezi wa nne. Theluji imekuwa matope.
Sindano kila wiki, tumboni, anajichoma mwenyewe.
Nabonyeza kitufe cha rangi:
hakuna.
Natafuta pembeni, nalegeza mkono,
napunguza, naongeza.
Hakuna. Kidole cha shahada, sifuri.
Kifundo, nukta moja tu, imechelewa kuondoka.

Nikamtazama kwa furaha, kama mjinga.
"Vizuri," akasema. "Mashine yako imenyamaza.
Mimi bado."
Akanionyesha: ngumi haifungi,
nafasi ya yai imebaki katikati.
Kwenye mstari mweupe wa mfupa
kulikuwa na pengo dogo, kama meno ya panya kwenye jibini.
Pengo haliwaki. Moto ulishapita hapo.

Fomu ina visanduku ishirini na viwili, kila kiungo na chake,
sifuri hadi tatu.
Nikaandika sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri.
Alikwisha simama, anavaa koti,
vifungo alivyovibadilisha kwa sumaku,
tak, tak, tak,
kisha glavu: ya kushoto kwa mkono,
ya kulia kwa meno.

Hakuna kisanduku cha glavu.
Nikachora kimoja pembeni, kwa kalamu ya risasi,
nikakaa nacho,
mgonjwa wa saa nne na robo akigonga mlango.