Mifupa ya Mbeleko

Kiomoni, saa nne, jua limeshakaa begani.
Nilikuwa nimejaza ndoo kumi na moja za kokoto
alipotokea Nakijwa na begi lake la mgongoni.
Anasoma miamba huko chuoni.
Anatafuta visukuku.
Vya kuku? nikamuuliza.
Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la chokaa,
suruali nyeusi ikawa ya mwokaji mikate.

Ni mfupa, Mama Kupaza,
mfupa uliokaa ardhini hata ukasahau ufupa.
Nikamwambia mawe tunayajua hapa:
hili la kijivu hula nyundo,
hili jeupe hupasuka ukilikazia macho tu.
Ila jiwe lililowahi kula majani, hilo sijapata kuliuza.

Au nimeliuza.
Nani ajuaye kilichomo
katika kuta za Ngamiani?

Akafungua simu. Kioo kina ufa.
Ng'ambo, Australia, ndani ya pango la chokaa
kama haya yetu ya Amboni,
kangaruu wa kale alitumbukia shimoni
usiku ambao hapana aliyeuhesabu.
Si hawa wa leo.
Huyu alipita mlango kwa urefu,
uso mfupi, kama wa mtu aliyekatizwa kauli,
mguu wa nyuma una kidole kimoja tu,
na wapo wasemao hakuwa mrukaji: alitembea,
mguu huu, mguu ule,
kama mtu anayekwenda kudai hela yake.

Kwetu yupo kamendegere, nikasema.
Naye huruka, usiku, kwenye mashamba ya karanga,
ukimmulika, macho yake yanadunda gizani.
Si ndugu yake, mama.
Basi jirani.
Akafikiri. Akakataa hata jirani.

Waliuawa na nini?
Kuna wanaosema ukame. Kuna wanaosema watu,
mikuki yao na moto wao.
Bado wanabishana.
Nikaona hapo: msiba mkubwa namna hiyo
na kikao hakijafungwa.

Na ule mfuko, nikauliza,
ule wa kubebea mtoto, nao uligeuka jiwe?
Hapana. Ngozi huoza, mama.
Kisha akaikuza picha kwa vidole viwili:
mbele ya nyonga, vijifupa viwili vyembamba
kama vijiti vya kufumia.
Wenye mfuko wanavyo.
Hivyo havikuoza.

Nilinyamaza. Nyundo ilikuwa bado mkononi.

Kupaza nilimbeba hapahapa,
mbeleko ya kanga ambayo maneno yake
yalikwisha kwa jasho kabla hajaota jino.
Nyundo ikishuka, kichwa chake kinanigonga uti wa mgongo,
ndivyo alivyopata usingizi.
Siku nisipokuja kazini, halali,
hata nimwimbie vipi.
Leo ana kitambi, anaendesha Fuso ya tajiri,
anakuja kununua kokoto kwa mama yake
na anaomba apunguziwe.

Ile kanga iliishia kuwa tambara la sufuria,
kisha haikuwa kitu.

Nikauchukua mkono wa Nakijwa,
nikaupitisha chini ya kola ya gauni,
bega la kushoto, palipokaa fundo miaka miwili.
Pana kibonde. Si cha nyama.
Akakipapasa kwa ncha ya kidole
kama alivyokuwa akiyapapasa mawe asubuhi.
Akatoa futi ya kupimia,
akaiangalia, akairudisha mfukoni.

Honi barabarani. Kupaza huyo, hana subira.
Ndoo ya kumi na mbili nikaivunja polepole,
nageuza kila jiwe kwanza,
natazama upande wa pili.