Mtaro wa Huruma

Tulibishania siku kuliko tulivyobishania mtaro.
Jumamosi, Wasabato wakasema, haiguswi.
Jumapili, tukasema sisi wengine, nayo ni ya Bwana.
Ijumaa ina kesha. Alhamisi ina mazoezi ya kwaya.
Na mtaro, usiokuwa na dhehebu,
ukaendelea kufura.

Mwishowe Kwamboka, shemasi wa Wasabato,
akaibandua ukutani kalenda ya kinu cha unga,
akaweka kidole juu ya wino mwekundu:
ishirini Oktoba, Mashujaa.
"Hii ni ya serikali," akasema. "Mungu ametuachia."

Wakaja.
Wakorino na vilemba vyeupe, vyeupe mno kwa kazi ile.
Wakatoliki wa jumuiya yao, na toroli ya padri
yenye gurudumu linalolia kama paka.
Akina mama wa Legio, kanzu wamezifunga kiunoni.
Na sisi wa Hema la Ushindi:
spika mbili kubwa,
beleshi moja.

Nani afungue kwa maombi? Kimya.
Kila mchungaji akakohoa kidogo, akisafisha koo.
Mzee Mwaniki akavua viatu, akaviweka juu ya jiwe,
akashuka hadi magotini kwenye tope jeusi.
"Tuombe tukiwa tumeinama," akasema,
na jembe lake likawa la kwanza kusema amina.

Sitakudanganya kuhusu harufu.
Ilitupanda puani, ikakaa.
Tulitoa magunia, nywele za bandia, kiatu cha mtoto,
mfuniko wa sufuria ambao Mama Makena aliutambua,
akaupokea bila haya, akaupangusa kwa leso:
"Miaka miwili nafunikia sahani!"
Tukacheka, hata padri, hata yule Mkorino kijana
aliyekuwa hajamwangalia mtu usoni tangu asubuhi.

Lakini maji hayakwenda.
Kitu kilikuwa kimekwama kwenye kalvati, chini ya barabara,
kizito, kinateleza, kinarudi.
Wanaume watano wakakishika. Nekesa wa Legio akawa wa sita.
Vuta. Pumzika. Vuta.
Kikatoka kama ndama anayezaliwa vibaya,
kikalala kando ya njia, kinatiririka.

Kwamboka akakimwagia ndoo ya maji.
Herufi zikaanza kuja moja moja,
nyekundu, kisha za manjano:
MIUJIZA LEO. KILA JIONI. HEMA LA USHINDI.

Mimi ndiye katibu.
Mimi niliyechagua ile manjano.
Mimi niliyelipa rubani, nikamlipa na kijana wa kupanda nguzo,
na mkutano ulipokwisha sikumlipa mtu wa kushuka nalo.
Mvua mbili zilizopita zililala vitandani mwa watu
kwa sababu ya bango langu.

Nilingoja neno. Nilistahili neno.
Nekesa akavua glavu yake ya kulia, akanipa.
"Shika upande huo," akasema,
"bado kuna mchanga ndani."

Tukachota mchanga.
Na saa saba na robo mtaro ukakohoa,
ukajamba, ndiyo, ukajamba, watoto ni mashahidi,
ukaanza kwenda.

Bango hatukulichoma.
Tulilisugua, tukampa Atsieno alifunikie kibanda chake cha mboga,
maandishi yakitazama ndani.
Sasa anakata sukuma chini ya miujiza,
na wateja wakimuuliza, anaelekeza kisu kwangu.

Mvua ilikuja usiku wa Jumanne,
ile ya kupiga mabati kama inadai deni.
Sikulala. Nilichukua tochi, nikapita ploti kwa ploti
hadi kwa Mama Makena, pale chini, pa kwanza kujaa siku zote.
Mlango ulikuwa wazi kidogo.
Kitanda kilikuwa sakafuni, mahali pa kitanda,
na yale matofali manne ya kukiinulia
yalikuwa yamepangwa nje, chini ya ukingo wa paa.
Moja lilikuwa na paka juu yake.