Nyuzi Mbili

Mimi nyuzi nazijua. Nazinunua Makoroboi, rola kwa rola,
nyeusi, nyeupe, na ile ya udongo isiyoishiwa kazi.
Kwa hiyo mtaalamu wa viungo pale Bugando aliponiambia,
"Goti lako linataka maji, mama,
ila yasishuke chini ya nyuzi ishirini na nne,"
nilimtazama kwanza vidole
nione kama naye anashona.

Miaka ishirini na miwili nimekanyaga cherehani.
Goti la kulia limekuwa mlango wa stoo:
halifunguki mpaka lilalamike.

Kipimajoto cha duka la dawa kilikataa.
Kinaanzia thelathini na tano, kile ni cha homa,
na ziwa, kumbe, haliugui.
Lushinge wa vizimba vya sato akanipa chake cha zamani,
kioo chenye mstari mwekundu,
akanionyesha na pa kuingilia:
"Hapa penye mawe na wimbi. Pale kwenye matete usiende,
konokono wa kichocho wamepanga nyumba."

Nikakifunga uzi mweusi, fundo la kushonea vifungo,
nikakizamisha Luchelele saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
nikahesabu hadi mia kama mtoto wa kombolela.
Daftari ni lile lile la wateja:
Bega 15. Kifua 38. Ziwa 25.
Mkono 22. Ziwa 25 na nusu.

Machi maji yalifika ishirini na sita.
Nilidhani ningefurahi.
Yalikuwa chai iliyosahauliwa kikombeni,
mazito, yana ute wa kijani,
na goti likalala humo kama mgeni asiyeaga.
Mvua ikipiga, juu panapoa kidogo;
miguuni bado uvuguvugu wa jana.

Julai, upepo wa kusini unalikoroga ziwa,
unapandisha yaliyolala chini.
Watoto wa kwa Mhoja wanaoga meno yakigongana.
Nikasema leo kumi na tisa, leo nakufa.
Kipimajoto: ishirini na nne.
Nikakirudisha, nikahesabu mia nyingine, polepole.
Ishirini na nne.
Toka Machi, nyuzi mbili tu!
Mbili, hata kifungo hazishiki.

Baridi niliyolisingizia ziwa
haikuwa majini. Ilinisubiri nje,
imekaa juu ya kanga yangu pale jiweni.
Kuingia si kazi.
Kazi ni kutoka.

Septemba gauni la Nkwimba likagoma.
Alivuta tumbo, akabana pumzi, zipu ikasimama mbavuni.
Nikafungua daftari. Kiuno chake thelathini na moja.
Nilikuwa nimekata ishirini na tano:
nimemshonea joto la ziwa la Jumanne.

Hakucheka. Sendofu ya mdogo wake ilikuwa kesho yake.
Nikafumua usiku kucha,
nikapachika vipande toka kwapani hadi nyonga,
kitambaa kingine kabisa, nikaomba taa za ukumbini ziwe hafifu.

Jumapili akaja mwenyewe Luchelele,
kucha bado zina rangi ya sherehe.
Akasimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

"Ni baridi?"
"Ishirini na tano."
"Sijakuuliza kiuno. Ni baridi?"

Nikautazama mstari mwekundu.
Haukuwa na neno.
Nikamwambia, nenda mpaka yafike kitovuni,
hapo kila mtu ana ukelele wake;
ukishapavuka, utaniambia wewe.

Akaenda. Akapiga wa kwake, mwembamba, mrefu,
yangeyange wakaruka kutoka kwenye mawe.
Kisha akanyamaza, kidevu juu ya maji,
muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa mtu mwenye hasira.

"Uzi wako unafumuka," akasema.

Ulikuwa unafumuka kweli.
Nikaukaza kwa meno.