Kumi na Tisa

Nilizinunua Barabara ya Kirinyaga, kwa kelele na kwa pupa:
wilkapu nne rangi ya fedha, miale mitano kila moja.
Muuzaji akazipangusa kwa mkono wa shati lake,
akasema, "Baba, gari hii sasa imevaa suti."
Nikaamini. Rimu zangu zilikuwa zimeota kutu
ya masika matatu na matope ya Kayole,
na nani hapendi kusitiriwa?

Akazifunga kwa vifungo vya plastiki, vinane kila gurudumu,
akavikaza hadi vikalia, mikia akaikata kwa meno.
"Wezi wa mji huu wataondoka na vidole vitupu."
Kuhusu upepo hakusema neno.
Sikumuuliza.

Miezi miwili nimepita vituo vya mafuta nikitazama mbele.
Usukani ukinivuta kushoto, nalaumu waliojenga barabara.
Kerubo akasema, "Gari lako linachechemea."
Nikamjibu ni uzito wa viazi.
Viazi tulivimaliza Juni.

Leo, Outer Ring, baridi ya Julai ikitafuna masikio,
nimeingia kituoni.
Msichana wa upepo, Nafula kwa beji ya kifuani,
akaja akiburuta mpira kama anayetoa ndama mkaidi zizini.
Akachutama. Akapapasa gurudumu la mbele, la kushoto,
pande zote, kama mkunga asiye na haraka.
"Mzee, mdomo uko wapi?"

Ulikuwepo. Niliuona nilipopiga magoti:
ncha nyeusi nyuma ya mwale wa fedha,
imebanwa, imeinamishwa,
mtoto anayechungulia ufa wa mlango
baada ya kuambiwa asiongee mbele ya wageni.

Akaingiza vidole viwili. Akaingiza pampu kiupandeupande.
Fyuuu, upepo wote nje.
Tulikuja kuongeza, tukapunguza.
Geji ikasema kumi na tisa.
"Presha yako iko chini, mzee. Inataka thelathini na mbili."
Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Presha. Mara ya mwisho kulisikia neno hilo
ilikuwa zahanati ya Buruburu, muuguzi kashika mkanda wake,
ananiomba nikunje mkono wa shati.
Nilimwambia nina haraka.
Shati lilikuwa jipya, lina vifungo vya kung'aa.

Nyuma yetu pikapu ya maziwa ikapiga honi.
Nafula akatoa koleo mfukoni, akanitazama.
Nikasema, kata.
Tak. Tak. Plastiki zikaruka kama kucha.
Kifuniko kikang'oka na vumbi, na jani la mjakaranda,
na kutu yangu yote hadharani,
mbele ya dereva wa maziwa na Mungu wake.
Akafungua kikofia, akachomeka mpira,
na gari likainuka polepole upande ule
kama mtu aliyekumbuka jina lake.

Ndipo akanionyesha kwenye wilkapu, ukingoni, pengo dogo.
Kiwandani waliliacha makusudi, mdomo upitie hapo.
Yule bwana wa Kirinyaga angezungusha kidogo tu,
upana wa kidole gumba.
Miezi miwili!
Upana wa kidole gumba.

Tatu tulizirudisha, pengo na mdomo zikitazamana.
Ya nne ilivunjika pingili, haikushika tena.
Nilitaka kuilazimisha. Nilikuwa tayari nimeinama.
"Kunja mikono, mzee," akasema, "utachafua shati."

Nikakunja.

Sasa iko nyuma kwenye buti, inagonga kila tuta la Donholm,
na gurudumu moja linazunguka Nairobi kichwa wazi.
Kerubo atauliza kabla sijazima injini.
Sijui bado nitamjibu nini,
lakini usukani, nikiuachilia kidogo,
unakwenda moja kwa moja.